Namna ya kuisukuma sheria ya ubaguzi imfikie volontia, na nywele zake, na kilemba chake

Kabla hujaitisha mkutano, kabla hujatengeneza hashtegi, kabla hujamtafuta mbunge hata mmoja, fanya kazi moja ya kuchosha: tafuta sheria ya ajira au ya usawa ya nchi unayotaka kuibadilisha, ruka ule utangulizi mtamu wa kila mtu ana haki, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha tafsiri ya maneno. Tafuta neno moja tu, "mwajiriwa". Hapo ndo volontia wengi wanaachwa nje bila hata kujua kwamba waliachwa nje.

Chukua mfano wa Kenya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi vizuri kabisa, rangi, jinsia, dini, ulemavu, vyote vimo, na tena inambebesha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Safi. Lakini ukirudi kwenye tafsiri unakuta mwajiriwa ni mtu anayefanya kazi kwa ujira au mshahara, na mwanagenzi ameongezwa humo. Wewe unayejitolea siku tatu kwa wiki, unavaa fulana yao, unasaini daftari lao la mahudhurio, unatumwa kama wengine, humo hauko. Yaani kifungu cha 5 kiwe kizuri namna gani, kwako ni ukuta uliopakwa rangi tu.

Na usidhani ni Kenya peke yake. Uingereza mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mama mmoja mwenye ulemavu aliyekuwa akijitolea kwenye ofisi ya ushauri kwa wananchi, akaambiwa asiendelee, akalalamika kwamba ni kwa sababu ya ulemavu wake. Akashindwa. Mahakama haikufika hata kuuliza kama alibaguliwa kweli, ilisema sheria yao na ile direktivu (agizo la kisheria kwa nchi wanachama) ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu usawa kazini haziwagusi wanaojitolea wasio na mkataba. Na ile karatasi aliyosaini mwanzoni ilikuwa imeandikwa wazi kwamba makubaliano haya ni ya heshima tu, si mkataba wa kisheria. Karatasi za namna hiyo zipo kila mahali, watu wanazisaini huku wanachekeana na mratibu, hawasomi.

Mimi mwenyewe nilishajitolea karibu mwaka mzima kwenye shirika fulani, siku moja kaja kiongozi mpya akasema rasta zangu hazina picha nzuri mbele ya wafadhili. Nikauliza sera iko wapi. Nikajibiwa, kwani wewe nani, umeajiriwa? Nilikuwa na mashimo mawili chini ya miguu kwa wakati mmoja, moja la kutokuwa mwajiriwa na lingine la kwamba nywele si dini wala si rangi, ni mtindo tu. Ndo maana kwenye mwongozo huu nayashika yote mawili kwa pamoja, kwa sababu ukiziba moja ukaacha lingine mtu bado anadondoka.

Kumuingiza volontia ndani ya sheria

Kuna njia tatu hivi ambazo nchi zimetumia, na unatakiwa uchague moja mapema, usije ukafika kwenye kamati ya bunge hujui unaomba nini.

Njia ya kwanza ni kupanua tafsiri yenyewe. New Zealand walifanya hivyo kwenye Sheria yao ya Haki za Binadamu ya mwaka 1993: walisema neno mwajiri, kwenye sehemu ile ya ubaguzi, linajumuisha pia mtu ambaye kazi inafanywa kwa ajili yake na mfanyakazi asiyelipwa. Maneno machache tu, kazi imekwisha. Mimi naipenda sana hii kwa sababu hauandiki sheria mpya, unaongeza mstari.

Njia ya pili ni kuwataja kwa majina kwenye kila kifungu kinachohusika. California walibadilisha sheria yao ya usawa kazini, ikaanza kutumika Januari 2015, wakaweka wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wasiolipwa na watu wanaojitolea kwenye ulinzi dhidi ya ubaguzi na bughudha. Hii ni ndefu zaidi lakini ina faida, hakuna jaji atakayesema sikuelewa mlimaanisha nani.

Ya tatu ni kuiachia mahakama, na hii usiikubali hata ukibembelezwa. Marekani mwaka 1999 mahakama ya rufaa moja ya shirikisho ilisema zimamoto wa kujitolea anaweza kuhesabiwa mwajiriwa kama anapata mafao ya maana, na yule dada kwenye ile kesi alikuwa na pensheni na bima ya maisha kupitia kikosi chake ingawa mshahara hakuwa nao, kwa hiyo akapita. Vizuri kwake. Lakini fikiria maana yake: anayejitolea kwenye taasisi tajiri yenye bima analindwa, anayejitolea kwenye kijishirika kisicho na kitu halindwi, wakati huyo wa pili ndo hana hata pa kukimbilia. Mtu akikwambia "ngoja mahakama zitafafanua" mjibu kwamba mahakama zilishafafanua, na zinafafanua kwa kuangalia mafao.

Sasa hapa kuna mtego unaoweza kuua mswada wa aina hii. Ukiandika tu kwamba volontia ni mwajiriwa, nukta, kesho yake mashirika yote yatakuja juu: je kima cha chini cha mshahara? Je likizo ya malipo? Je michango ya hifadhi ya jamii? Na hofu yao si ya bure kabisa, kuna vikundi vya watu wanne vinavyoendeshwa na michango ya jumuiya, ukiwabebesha kanuni zote za ajira wanafunga. Kwa hiyo mstari wa kwanza kuuandika kwenye mswada wako uwe ni ule unaofunga mlango huo, ukiuweka ndani ya Sehemu ya ubaguzi, kitu kama hiki:

"Kwa madhumuni ya Sehemu hii peke yake, taasisi inayompokea mtu anayejitolea itahesabiwa kuwa mwajiri wake, na hakuna lolote katika kifungu hiki litakalomfanya mtu huyo kuwa mwajiriwa kwa ajili ya sheria nyingine yoyote."

Afu tafsiri yenyewe:

"Mtu anayejitolea maana yake ni mtu aliyekubaliwa na taasisi kufanya kazi au kutoa huduma kwa ajili yake bila kulipwa ujira, pamoja na aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, awe na makubaliano ya maandishi au asiwe nayo, na hata kama amerudishiwa nauli au amepewa posho ya kujikimu."

Angalia hapo neno "aliyekubaliwa". Nimeliweka makusudi ili jirani aliyekusaidia kuhamisha kabati asigeuke kuwa mlalamikaji. Na angalia hilo la posho, kwa sababu ukiliacha wakili wa upande wa pili atasema huyu alilipwa nauli basi si volontia, na hakulipwa mshahara basi si mwajiriwa, mtu anabaki ananing'inia katikati. Na lile la maandishi, awe nayo au asiwe nayo, ni dawa ya zile karatasi za makubaliano ya heshima.

Kisha hakikisha ulinzi unaanza mwanzo kabisa: tangazo la kutafuta watu, usaili, mafunzo, kupangiwa kazi, kupewa cheti, mpaka kuachishwa. Usisahau cheti na barua ya kumpendekeza mtu. Kwa anayelipwa ukimnyima barua umemuudhi, kwa anayejitolea umemnyang'anya karibu kila alichokuwa anakitafuta, kwa sababu wengi wanajitolea ili wapate hicho cha kuonyesha wakiomba kazi.

Fidia ya sifuri

Hii nimeipa sehemu yake kwa sababu hata wanasheria wazuri wanaipita kama hawaioni. Sheria nyingi za ajira zinapima fidia kwa mshahara. Tukirudi Kenya, mtu aliyeachishwa isivyo haki anaweza kulipwa hadi mishahara ya miezi 12. Sasa volontia mshahara wake ni sifuri, na sifuri ukiizidisha mara 12 bado ni sifuri. Unaweza kushinda vita yote ya tafsiri, ukaenda mahakamani, ukashinda kesi, afu ukaondoka na pongezi.

Kwa hiyo kifungu cha nafuu kiandikwe upya kwa ajili yao. Mahakama au tume iwe na uwezo wa kuamuru fidia ya maumivu na kudhalilishwa bila kuangalia mshahara, kuamuru mtu arudishwe, kuamuru apewe cheti chake, na kuamuru taasisi ibadilishe sera yake. Hilo la mwisho ndo lenye nguvu zaidi kwa maoni yangu, maana volontia wengi hawataki hela, wanataka yule mwenzao anayekuja kesho asifanyiwe hivyo.

Angalia pia mlango wa kuingilia. Nchi nyingine mahakama ya kazi inasikiliza migogoro ya mwajiri na mwajiriwa tu, sasa wewe umemuingiza volontia kwenye sheria lakini mahakama inayosikiliza haina mamlaka juu yake. Ongeza mstari mmoja kwenye kifungu cha mamlaka. Halafu weka katazo la kulipiza kisasi, maana volontia hafukuzwi, anaachwa tu kupigiwa simu, na kuachwa kupigiwa simu hakuna ushahidi wake labda sheria iseme wazi kwamba nako ni kuachishwa.

Kuna silaha moja nzuri ya kuitumia kwenye mazungumzo, Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, ulioanza kufanya kazi Juni 2021. Unawataja watu wanaojitolea waziwazi, pamoja na wanafunzi wa mafunzo na wanaotafuta kazi. Ila usiutie chumvi, mkataba ule ni wa ukatili na bughudha kazini, si wa kila aina ya ubaguzi. Utumie kuonyesha kwamba dunia imeshakubali kwamba kazini kuna watu wasiolipwa, basi. Ukiutumia kusema zaidi ya hapo kuna mtu kamatini atakuwa ameusoma.

Kinachoonekana

Sehemu hii ndo ngumu na ndo tamu. Shida iko hivi: sheria inalinda kile ulicho, inasita kwenye kile unachoonyesha. Watu watakwambia hatumbagui kwa dini yake, aamini anavyotaka, sisi tunasema tu avue. Hatumbagui kwa asili yake, sisi tunasema tu akate.

Kesi inayoonyesha hilo wazi kuliko zote ni ya Marekani, mwaka 2016. Dada mweusi huko Alabama alipewa kazi, akaambiwa sharti akate dredi, akakataa, ofa ikaondolewa. Mahakama ya rufaa ikasema sheria inalinda sifa ambazo mtu hawezi kuzibadilisha, na mtindo wa nywele unabadilishika. Ukiisoma kwa haraka unaona ina mantiki, ukiisoma tena unajiuliza, mbona dini nayo inabadilishika na bado inalindwa?

Jibu la hiyo lilikuja nje ya mahakama. Tume ya haki za binadamu ya jiji la New York ilitoa mwongozo Februari 2019 kwamba kuzuia mitindo ya nywele ya watu weusi ni ubaguzi wa rangi, na Julai mwaka huohuo California ikapitisha sheria iitwayo CROWN, ikisema rangi ni pamoja na sifa zinazohusishwa na rangi hiyo kama asili ya nywele na mitindo ya kuzilinda, misuko, dredi, na nywele za kusokota. Majimbo mengine yakafuata. Kwenye bunge la taifa ilipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2022, ikakwama Seneti. Ufaransa nako Bunge la Taifa lilipigia kura mswada wa nywele Machi 2024.

Sasa fundisho kubwa liko Texas, na nakuomba usome hapa taratibu. Texas walipitisha CROWN yao, ikaanza Septemba 2023. Muda si muda mwanafunzi mmoja wa sekondari akaadhibiwa kwa dredi zake, shule ikasema sisi hatuna shida na dredi, shida yetu ni urefu, kanuni inasema nywele za mvulana zisipite kiasi fulani. Februari 2024 jaji akakubaliana na shule: sheria imetaja mitindo, haikutaja urefu. Imekwisha. Neno moja! Waliokaa wakaandika ile sheria wote walijua dredi zinarefuka, hakuna aliyefikiri kuna mtu atasimama mahakamani kutofautisha dredi na urefu wa dredi. Basi wewe uandike "urefu". Kila mara ukitaja kitu jiulize ni sehemu gani ya kitu hicho mtu mjanja anaweza kuikata akakwambia mbona mwenyewe nimekuachia.

Afrika Kusini wanakupa sehemu nyingine mbili za kuokota. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya msichana wa asili ya Kitamil, Mhindu, aliyekatazwa kuvaa kipini cha pua shuleni. Shule ilisema kipini si cha lazima kwa dini yake, ni cha hiari, ni utamaduni tu. Mahakama ikajibu kwamba hata jambo la hiari linalindwa kama lina maana kwa mtu huyo kwenye dini na utamaduni wake. Hiyo ni almasi, iingize kwenye mswada neno kwa neno, maana bila hiyo kila kesi itageuka kuwa darasa la theolojia, mashekhe na wachungaji wanaitwa kutoa ushahidi kama kitu fulani ni faradhi au la. Kisha mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Rufaa huko huko ikawatetea askari magereza watano wanaume waliofukuzwa kwa kufuga dredi, wengine kwa sababu ya Urastafari, wengine kwa mila za Kixhosa. Wanawake kwenye jeshi lilelile waliruhusiwa dredi. Basi mahakama ikaona ubaguzi wa dini, wa utamaduni na wa jinsia, vyote kwenye kichwa kimoja. Ndo maana usiandike ulinzi wa mwonekano chini ya dini peke yake au rangi peke yake, uandike upite kwenye misingi yote.

Na kabla hujasahau, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 27, kwenye orodha ya misingi ya ubaguzi imeweka "mavazi". Iko pale pamoja na dini na utamaduni na lugha. Wakati ile Sheria ya Ajira ya 2007 haina neno hilo. Kama nchi unayoishughulikia ina pengo kama hilo kati ya katiba na sheria ya kawaida, kazi yako imekuwa nyepesi mno, hauombi haki mpya, unaomba sheria iifikie katiba.

Kifungu changu kingekuwa hivi, kichukue ukibadilishe:

"Asili, rangi, dini, imani, utamaduni na jinsia ni pamoja na namna mtu anavyovidhihirisha, au anavyodhaniwa kuvidhihirisha, kwa mwonekano wake, ikiwemo lakini si hivyo tu: asili, mtindo na urefu wa nywele na ndevu, kifuniko cha kichwa au cha uso, vazi, pambo, na alama ya mwilini, iwe jambo hilo ni la lazima au la hiari kwa dini au utamaduni husika."

"Anavyodhaniwa" ni kwa ajili ya yule aliyefunga kitambaa kichwani kwa sababu ya ugonjwa, akadhaniwa wa dini fulani, akafukuzwa. Aliyembagua amekosea dini lakini hakukosea nia.

Jingine, usiweke sharti kwamba mtu lazima awe aliomba ruhusa mapema. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya binti aliyenyimwa kazi ya dukani na Abercrombie & Fitch kwa sababu ya hijabu, kampuni ikasema hakutuambia kwamba ni ya dini. Mahakama ikasema haijalishi, kama nia ya kukwepa kumruhusu ndo iliyowasukuma inatosha. Volontia ndo kabisa, nani anaomba ruhusa ya kilemba kwenye fomu ya kurasa mbili?

Utaulizwa kuhusu udhihirisho wa jinsia pia. Kuna nchi zimeutaja wazi, Kanada kwa mfano waliuongeza kwenye sheria ya shirikisho mwaka 2017. Kuna nchi ukiutaja tu mswada wote unazikwa siku hiyohiyo. Sikupangii, ila amueni nyie wenyewe mapema, mezani, na wale wanaohusika wakiwepo, msije mkalifuta neno usiku wa mwisho kwenye korido ili kuokoa mengine, maana wale mliowaacha watajua.

Nembo za vyama vya siasa mimi ningeziacha nje, na nembo za chuki ningezikataza kwa jina, la sivyo mpinzani wako wa kwanza atauliza kama sheria yako inamlinda mwenye tatuu ya kuwaita wengine wadudu, na dakika zako 10 za kamatini zote zitaishia hapo.

Usalama, sare, na mteja

Lazima uweke vizuizi, tena uviweke wewe kabla hawajakuwekea. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi mbili siku moja, Januari 2013, zote za msalaba shingoni. Mfanyakazi wa British Airways alishinda, kwa sababu kampuni ilikuwa inalinda tu sura ya sare yake na msalaba ulikuwa mdogo. Muuguzi wa hospitali akashindwa, kwa sababu hospitali ilisema mkufu unaweza kushikwa na mgonjwa au kugusa kidonda. Msalaba ni uleule. Kilichotofautiana ni sababu.

Kwa hiyo andika kwamba katazo linaruhusiwa pale tu taasisi inapoonyesha hatari halisi ya afya au usalama, na kwamba imejaribu njia nyepesi zaidi ikashindikana, hijabu ya kitambaa kinachofuliwa kwa maji ya moto, nywele zifungwe ndani ya neti, kipini kifunikwe na plasta. Sura ya taasisi isiwe sababu. Na hata usalama wenyewe si neno la kumaliza mjadala, Uingereza tangu 1976 Sikh aliyefunga kilemba anaruhusiwa kupanda pikipiki bila helmeti, bunge lilipima likaamua.

Mteja ndo kisingizio cha kudumu. Kwa mashirika mteja anaitwa mfadhili, au walengwa, au jamii. "Sisi hatuna shida, ila jamii yetu haitamkubali." Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2017 kwamba matakwa ya mteja hayawezi kuwa sharti halisi la kazi, hilo lichukue. Ila siku hiyohiyo ikasema kampuni inaweza kuwa na sera ya kutoonyesha alama zozote kama inawahusu wote sawa, na mwaka 2021 ikaongeza kwamba lazima kuwe na uhitaji wa kweli nyuma ya sera hiyo. Ukiacha mwanya wa "sera ya usawa kwa wote" uje kujua utatumika, maana katazo la vilemba kwa wote linamgusa anayevaa kilemba tu.

Mashirika ya dini na vituo vya kundi maalumu, mfano makazi ya wanawake waliokimbia vipigo, wapewe nafasi yao ya kuchagua, lakini kwa kazi zinazohitaji hivyo kweli. Anayeongoza ibada sawa. Anayepanga viti, hapana.

Kupeleka mbele

Sasa ndo uanze kelele. Kusanya karatasi kabla ya hadithi: fomu za kujitolea, matangazo, kanuni za mavazi, meseji. Hadithi moja ikiwa na karatasi yake inashinda 20 zisizo na kitu. Majina ya watu funika, na uwaulize mara mbili, leo na wiki ijayo, kwa sababu mtu akiwa na hasira anakubali kila kitu.

Usianze lazima na bunge. Ona New York walivyoanza na mwongozo wa tume, haukuhitaji kura hata moja. Kama kuna tume ya usawa au ya haki za binadamu iombe itoe tafsiri ya sheria iliyopo. Kama waziri ana mamlaka ya kutunga kanuni, anzia kwake. Huku chini kabisa, mashirika matano yakikubali kuweka vifungu hivi kwenye sera zao wenyewe, unakwenda kamatini na ushahidi kwamba hakuna lililofunga milango. Chama cha wafanyakazi kitafute mapema, wengine wana wasiwasi kwamba kumlinda volontia ni kuhalalisha kazi ya bure, na hoja yao ina uzito, wajibu kwa kuwaonyesha ule mstari wa "Sehemu hii peke yake" na kwa kukubali kuongeza katazo la kutumia volontia kuziba nafasi ya mtu aliyeachishwa.

Kamatini nenda na watu wasiozidi watatu. Mmoja asome kifungu, mmoja aeleze yaliyompata, mmoja akae kimya akiandika maswali ili mjibu kwa maandishi kesho yake. Mkiulizwa gharama, jibu ni fupi, kumruhusu mtu abaki na nywele zake hakununuliwi.

Ikipita, usiende kulala. Nenda kwenye ofisi inayopokea malalamiko uombe fomu yao uisome kama unavyosoma mkataba. Nyingi zina kisanduku cha tarehe ya kuajiriwa na cha mshahara wa mwezi, na kama fomu ni ya mtandaoni ukiacha kisanduku wazi haikuruhusu kuendelea ukurasa wa pili.